Raba za Magesa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo ningepewa nafasi ningeirudia. Ni asubuhi niliyozificha raba za mdogo wangu, Magesa.

Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kujaa sokoni Musoma, lakini hospitalini ulikuwa unaenda na sindano yako mwenyewe. Magesa alikuwa na miaka ishirini. Alisoma Bunda, na hapo shuleni hakuna aliyemshinda mbio ndefu. Alipoanza kukonda na kuugua mara kwa mara nilimpeleka Musoma, akapimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Tulirudi nyumbani Mwitongo. Dawa hizi unazokunywa wewe hazikuwepo kwetu. Daktari alituambia tu ale vizuri, na apumzike akichoka.

Mimi nilishika neno apumzike, nikaliacha lile la akichoka.

Siku akiwa na nafuu Magesa alikuwa anaamka mapema, anavaa raba zake, anatembea mpaka mwisho wa shamba letu la pamba na kurudi. Akirudi anahema, lakini anacheka na kuomba uji. Nilikuwa naumia kumwona. Na niseme ukweli, nilikuwa naona aibu pia. Sikutaka majirani wamtazame alivyokonda. Basi nikazitia raba kwenye gunia la mtama, nikamwambia alale, asimalize nguvu.

"Dada, nikitembea najisikia mtu," akaniambia. "Nikilala hapa nasikiliza moyo wangu tu."

Nikalifunga dirisha. Akalala.

Mwezi ulipita. Bibi yetu mzaa baba akaja kutusalimu kutoka Kabasa, akamkuta Magesa chumbani, dirisha limefungwa mchana kweupe, miguu imekuwa kama ya mtoto. Akanitoa nje.

"Nani kamfungia huyu?"

"Bibi, anaumwa. Namtunza."

"Hujamtunza. Umemzika angali anapumua. Alikuwaga anatembea, wewe umemwondolea hata hiyo!"

Siku hiyo hiyo nilizitoa raba, nikamvalisha mwenyewe. Alisimama, akanishika bega, tukafika mlangoni. Jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, akaomba kukaa. Akakaa kizingitini akiliangalia shamba.

"Haidhuru, dada," akasema.

Hakufika tena mwisho wa shamba. Tulimzika kabla pamba haijachumwa. Kutembea kusingemponya, najua. Lakini zile asubuhi zilikuwa zake, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Wewe una dawa, mwanangu. Kunywa kila siku, usiruke hata moja. Halafu usikae tu. Wauguzi wa kliniki wanatuambia kuishi na virusi miaka mingi kunaweza kuuchosha moyo, hata wa kijana, na moyo unataka kufanyishwa kazi. Tembea, kimbia, cheza mpira. Anza kidogo, ongeza kadiri unavyozoea. Ukienda kuchukua dawa, omba wakupime presha. Sigara achana nazo kabisa. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, acha, keti, kisha nenda kliniki, usijikaze. Na atakayekuambia ulale kwa sababu anakuonea huruma, mshukuru, kisha utoke nje.

Mungu akupe pumzi ndefu na miguu mizima. Akupe na uzee, mwanangu, huo ambao Magesa hakuupata.