Njia Isipite Hapa

Genovaitė Barkauskienė, ambaye mtaa mzima humwita Genė, amefanya kazi manispaa ya Girnupis, mji mdogo wa Lithuania, miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hajawahi kununiwa kama alivyonuniwa mwaka ule wa njia ya msituni. Alizaliwa Mtaa wa Šilo, nyumba ya nne kutoka msituni. Akaenda Vilnius kusomea mipango miji, akarudi, akaolewa na Vidas dereva wa malori, akapewa meza ya dirishani kwenye idara ya bustani na viwanja. Ndiye aliyeweka mabembea ya shule, mabenchi ya kando ya ziwa, na kile choo cha sokoni ambacho watu walikipinga miaka miwili na leo wanakipangia foleni. Kupingwa alikuzoea. Ila safari hii aliokuwa akipambana nao ni watu waliomlea.

Mpango wenyewe ulikuwa wa heri. Njia ya kutembea, kilomita mbili na nusu, ianzie kwenye magorofa ya upande wa kiwanda cha mbao, ikatize msitu wa misonobari, itokee ziwani. Mabenchi sita, taa fupifupi, vyuma vya mazoezi kwa wazee, na uwanja mdogo wa watoto. Watu wa magorofani hawakuwa na pa kupita kwenda ziwani ila ukingo wa barabara kuu, ambako malori ya magogo yanakupita karibu mpaka nguo zinapepea. Jolita, mama wa mapacha, aliyehamia Girnupis miaka minne nyuma, alisukuma kigari cha wanawe pale kila siku, na kila Jumatatu alipita ofisini kwa Genė kuuliza njia imefikia wapi. Hakufoka. Alisimama tu mlangoni na kigari, mtoto mmoja amelala, mwingine anatafuna ganda la mkate, mpaka Genė aone haya. Ruzuku ilikuwa tayari, lakini ramani ilitakiwa iwe imepitishwa na wakazi kabla ya Oktoba, la sivyo fedha zirudi zilikotoka.

Basi wakazi wa Mtaa wa Šilo wakaja juu. Mzee Zenonas, fundi mstaafu wa mashine za kupasulia mbao, alisema taa zitawachanganya bundi. Shangazi Bronė, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyeuza dawa pale mjini maisha yake yote, alisema walevi watahamia kwenye mabenchi. Rolandas fundi umeme alisema mbwa. Mbwa gani, hakusema. Uwanja wa watoto na vyuma vya mazoezi vilipita bila neno, maana vilipangiwa mwanzoni kabisa mwa msitu, kwenye mchanga mweupe ambako hauoti hata uyoga wa sumu.

Hapo ndipo palipokuwa na shina la mambo, ingawa hakuna aliyethubutu kulitaja. Mtu wa kwetu atakuazima trekta lake, atakusimulia upasuaji wa mkewe bila kuruka kitu, lakini hatakuambia anaokota wapi uyoga. Mahali pa uyoga hurithiwa kimyakimya, mzazi kwa mwana, na wengine wamekufa napo. Ukikutana na jirani msituni kikapu chake kimefurika, utamuuliza habari za mguu wake, naye atakuambia leo hakuna kitu, ameokotaokota tu kule barabarani. Sasa mtu atasimamaje mbele ya manispaa aseme njia isipite hapa kwa sababu ya uyoga wangu? Akishasema hivyo, kesho yake mji mzima uko pale na visu.

Genė alilijua hilo kwa sababu na yeye alikuwa na pake. Kilikuwa kibonde kidogo nyuma ya mialoni miwili, ambako baraviki, ule uyoga mnono wa kofia ya kahawia ambao kwetu ndio uyoga na mwingine wote ni nyongeza, huota kuanzia Agosti mpaka baridi ya kwanza. Mama yake, Stefa, mshonaji, alimpeleka alipokuwa na miaka tisa, na alimzungusha msituni mara tatu kabla ya kufika ili asiweze kuirudia njia mwenyewe. Stefa alikuwa mwanamke wa maneno machache, na msituni ndiyo kabisa alifunga mdomo. Alimwonyesha bintiye pa kukata, akamwekea kidole midomoni. Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, aliacha cherehani, nyumba inayovuja na kile kibonde, na Genė ukimuuliza urithi wake ni upi atakuambia ni cherehani. Vidas, mume wa miaka thelathini na mmoja, hapajui. Hajawahi kuuliza, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayomfanya Genė ampende.

Mwezi Julai akabuni namna. Alichapa ramani kubwa ya msitu, akampelekea kila mwenye nyumba nakala yake na penseli.

"Piga duara mahali ambapo njia isipite," alimwambia Shangazi Bronė. "Sababu usiandike. Sitaki kuijua."

"Na wengine wataona?"

"Nitaona mimi tu. Halafu nitachoma."

Bronė akaipokea penseli. "Wewe ni mtoto wa Stefa," akasema, "kwa hiyo nitakuamini nusu."

Na kweli walimwamini nusu. Ramani zilirudi katika bahasha zilizobandikwa gundi mpaka pembeni, na hata humo walidanganya. Ili asijue duara la kweli ni lipi, kila mtu alichora matatu manne. Zenonas alichora tisa. Genė alifunga mlango wa ofisi, akazibandika zote kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua likapenya, na msitu mzima ukawa viduara vitupu. Ulibaki mkanda mmoja mweupe usioguswa na penseli ya mtu, kutoka magorofani mpaka ziwani, na mkanda huo ulikatiza katikati ya kibonde cha mama yake.

Alikaa chini. Hakuna aliyepachora kwa sababu hakuna aliyepajua, alijiambia, na kwa kitambo akaona fahari ya kipuuzi. Kisha ikamwingia kwamba hana wa kumtetea. Aliyechora mpango hawezi kujipinga mwenyewe.

Siku tatu alicheza na rula. Ukiupindisha mstari mita sitini kusini, kibonde kilikuwa kinapona, lakini njia ilikuwa inaingia kwenye miti ya magome meupe, ndani ya duara la Bronė, lile ambalo mkono wake ulilikandamiza zaidi kuliko mengine. Bronė ana miaka themanini na mitatu, aliwaza Genė. Misimu mingapi imembakia? Akauchora mstari. Akautazama. Usiku ule hakula vizuri, na asubuhi alipomwona Bronė akishuka mtaani na fimbo mkono mmoja na kikapu mkono wa pili, alijionea aibu mpaka masikio yakamwaka. Alifika ofisini kabla hata ya mfagizi, akaufuta mstari, akaupitisha kwenye mkanda mweupe, katikati ya kibonde.

Jumapili ya mwisho kabla ya mkutano alikwenda peke yake. Alikata baraviki kumi na nne na kurudi nyumbani kuzitunga kwenye uzi zikauke.

"Unalia?" Vidas aliuliza. Alikuwa anamenya viazi.

"Vitunguu."

"Hujakata vitunguu."

"Basi nitakata."

Vidas akamsogezea vitunguu viwili na ubao, akaendelea na viazi vyake.

Mkutano ulifanyika Alhamisi jioni katika maktaba ya mtaa. Watu walijaa mpaka kwenye rafu za vitabu vya watoto. Mtaa wa Šilo ulikaa kushoto, magorofa yakakaa kulia, na Jolita alikuwa mbele kabisa, kigari kimezuia mlango wa dharura. Genė akabandika ramani ukutani na kuueleza mstari kwa fimbo, benchi baada ya benchi. Sauti yake haikutetemeka, na alijipongeza moyoni kwa hilo. Alipomaliza, upande wa kushoto watu wote walikuwa wameikazia macho ramani.

Mzee Zenonas akanyanyuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole kizito juu ya kibonde.

"Hapa hapafai," akasema.

Genė akafungua daftari. "Kwa nini, Mjomba Zenonas?"

"Kuna unyevu."

Pale maji hayatuami hata baada ya mvua. Genė mwenyewe alipima udongo wake mwezi wa tano.

"Unyevu," alirudia.

"Mwingi. Njia itadidimia. Andika."

Genė akaandika. Kabla hajamaliza neno, Shangazi Bronė alipiga fimbo sakafuni. "Na popo. Pale kuna popo wa nadra. Nimewaona."

"Popo wa nadra wa aina gani, Shangazi?"

"Wewe andika popo. Aina tutatafuta."

"Mimi nilisikia kuna bomu la wakati wa vita," akasema Rolandas kutoka nyuma. "Halijalipuka."

Jolita aligeuka kwenye kiti. "Bomu? Mnataka watoto wangu wapite kwenye bomu?"

"Halipo, mwanangu," Bronė akamwambia kwa upole. "Ni namna ya kusema tu."

"Namna ya kusema nini?"

Upande wa kushoto wote ulikuwa unatazama dari, madirisha, viatu, kila kitu isipokuwa Genė. Watu waliokuwa wamegombana miezi mitano, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya kuzoa taka, walikuwa wamekubaliana juu ya kibonde kimoja, na kila mmoja alikuwa ameleta uongo wake. Ndipo Genė akaelewa. Walikuwa wanapajua, wote. Hawakupachora kwa sababu hapakuwa pao, na miaka yote hii, kila Septemba, mtaa mzima ulikuwa unakizunguka kibonde kile na vikapu vyao na kwenda zao. Alijawa na furaha ambayo hakuwa na pa kuiweka, akainama kwenye daftari, akaandika "popo" mara mbili.

"Sawa," akasema Jolita, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. "Hapo hapafai. Na kwingine kote mmeshakataa. Mimi kesho napita wapi? Wiki iliyopita lori limeniondolea kofia ya mtoto kichwani. Niambieni tu, nipite wapi?"

Mtoto mmoja alikuwa anagonga kijiko kwenye chuma cha kigari, na mlio wake ulisikika ukumbi mzima.

Zenonas alikuwa bado ukutani. Alikishusha kidole taratibu kutoka kibondeni mpaka nyuma ya uzio wake mwenyewe, penye misonobari mitatu inayoota pamoja.

"Ipitishe hapa," akasema.

Genė alijua pale ni wapi. Siku moja, akiwa na miaka ishirini, alimwona Zenonas amepiga magoti chini ya ile misonobari, kikapu kimejaa, na tangu siku hiyo hakuwahi kupita upande ule.

"Mjomba, una hakika?"

"Magoti yangu hayainami tena. Tangu mwaka juzi uyoga unanipiga chenga." Akageukia ukumbi, uso mkali, kana kwamba kuna aliyembishia. "Na benchi mniwekee palepale. Lakini lisiwe na taa. Bundi."

Walipiga kura, mikono ikanyanyuka pande zote mbili. Jolita alinyanyua wake na wa pacha aliyekuwa macho.

Nje hewa ilikuwa imepoa na kulikuwa na harufu ya viazi vya kuchoma kutoka nyumba ya pili. Zenonas alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, anamngoja Genė.

"Umeandika yote?"

"Yote."

"Na lile bomu la yule mpumbavu?"

"Nimeandika 'hatari za ardhini'."

Zenonas akaguna kwa kuridhika. Wakatembea pamoja, yeye akiikokota baiskeli. Genė alitaka kushukuru, lakini shukrani hapo ingekuwa sawa na kukiri, na watu hawakiri mambo hayo. Alivumilia mpaka kwenye kona ya duka la mkate, akashindwa.

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu enzi za mama yako." Mzee alishangaa kuulizwa. "Nani angekosa kujua? Mwanamke alikuwa anaimba."

Genė akasimama. "Mama yangu?"

"Akienda peke yake. Mimi namsikia mpaka uani kwangu. Marehemu mke wangu alikuwa anasema, haya, Stefa yuko kwake, leo upande ule tusiende."

Stefa hakuwahi kuimba. Hakuimba kwenye cherehani, hakuimba kanisani, na kwenye arusi ya binti yake, watu wote walipoimba, yeye alikaa amefumba midomo na kukunja vitambaa vya meza. Genė aliishi naye miaka hiyo yote na hakuwahi kumsikia hata akivumisha wimbo puani.

"Alikuwa anaimba nini?"

Zenonas alifikiri, mkono kwenye usukani. "Wimbo uleule kila siku, na sikuwahi kuujua ni upi. Mama yako alikuwa anaimba vibaya sana, Genė."

Genė akacheka mpaka akakishika kiti cha baiskeli asianguke, machozi yanamtoka, na safari hii hakusingizia vitunguu.

"Niimbie kidogo," akasema.

"Vibaya vilevile?"

"Vilevile."

Zenonas akatazama kulia na kushoto kama kuna mtu, akasafisha koo, akaanza.