Vitabu vya maktaba yetu ya kijiji vilirudi na majani ya sale

Wakuu, habari za muda huu. Hii imenitokea mimi mwenyewe, siongezi chumvi hata punje.

Niko Uru, hapa juu ya Moshi. Kijiji chetu kina maktaba ya chumba kimoja, inaongozwa na kamati tuliyoichagua wenyewe mkutanoni. Mimi ndiye mtunzaji. Kazi nimejifunza YouTube, na nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Kitabu kikikaa upande, nakosa raha.

Basi tukapata taarifa: ofisa kutoka mjini anakuja kukagua. Akikuta vitabu vimepotea, vilivyobaki vinahamishiwa Moshi mjini na chumba kinafungwa.

Nikaangalia rafu. Nusu tupu!

Watu waliazima, wakakaa navyo kimya.

Nikaenda kwenye kamati na sheria zangu za faini, nimezitype vizuri, headings zote bold.

Mwenyekiti wetu Mama Anande, muuza ndizi, akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Mwanangu, ukimtoza faini mtu wa Uru, kitabu anakifukia shambani. Hao hawajaiba, wanaona aibu. Tangaza kanisani kila mtu aje na kitabu na sale."

(Kwa wasio wa huku: sale ni ule mmea tunaopanda mipakani. Ukimkosea mtu ukampelekea jani lake, lazima akusamehe. Hakuna kukataa.)

Nikabisha. Nikasema maktaba inataka system, si majani. Tukapiga kura. Aliyeniunga mkono ni mimi peke yangu 😂

Jumapili ibada ilipoisha, wakuu, watu walikuja! Kila kitabu na jani lake ndani.

Babu mmoja nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Hiki cha kufuga kuku nimekikosea, jogoo amekidonoa." Nikamsamehe. Hapo hapo akauliza, "Sasa cha ng'ombe wa maziwa kipo?"

Ofisa akafika kesho yake. Rafu zimejaa, lakini meza yangu ina majani kama banda la mbuzi. Nikatamani ardhi inimeze.

Akaokota jani moja. "Utaratibu huu mmefundishwa na nani?"

"Atufundishe nani?" Mama Anande akamjibu. "Maktaba si yetu?"

Kumbe ofisa kwao Sanya Juu, Mchaga mwenzetu, sale anaijua. Akacheka sana. "Vitabu vibaki hapa hapa. Mimi kule mjini nikiwaambia watu walete majani, watanipeleka hospitali."

Vigelegele vilivyopigwa, nadhani hata kule chini Rau walisikia.

Nilichojifunza: sheria inaweza kunyooka kwenye karatasi, lakini wenye kijiji wasipoiona ni yao, hairudishi hata kitabu kimoja. Ugonjwa wa kunyoosha bado ninao, sijapona.

Wenye maktaba za kata na vijiji, kwenu nani anaamua? Mwageni uzoefu hapa, hata kunicheka ruksa.

Naandika haya nikiwa kazini. Rafu ziko nusu tupu tena, vitabu viko huko migombani vinasomwa, na mimi nakunywa chai kwa raha zangu.