Dawa ya Kutu ya Damu

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kushindana huku kwetu, na maduka ya dawa yakafunguliwa kila kona ya Bariadi, nyumbani mimi ndiye niliyekuwa baba na mama. Wazazi walikuwa wametangulia, nami nikaacha shule darasa la sita. Mdogo wangu wa mwisho, msichana, alikuwa na sikoseli, akimeza vidonge vya hospitali kila siku. Maumivu yakimwingia mifupani, hata shuka hakutaka limguse.

Siku moja ya mnada akaja muuzaji aliyeshuka treni Malampaka, ana kipaza sauti na makopo meupe. Alisema damu ya wagonjwa kama mdogo wangu inashika kutu kwa ndani, na vitamini zake huizuia.

“Ila vile vidonge vya hospitali aache, mayu,” akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. “Dawa mbili zinagombana.”

Hapo nikamshuku. Msimu uliopita tulikuwa tumeuziwa dawa ya pamba iliyotiwa maji, funza wakatumaliza. Tangu hapo hakuna aliyepulizia dawa ngeni bila kuacha mstari mmoja mkavu, aone tofauti. Lakini mdogo wangu si shamba. Nikanunua kopo, nikaitikia “ndiyo, ndiyo”, na nyumbani nikampa vyote viwili.

“Dada, umemdanganya mganga!”

“Si mganga yule. Meza.”

Hospitali, muuguzi aligeuzageuza kopo. “Ni vitamini. Huenda zikasaidia, bado hatujui. Vyetu asiache.” Naye nikamtilia shaka. “Huenda” ni neno la mtu asiyetaka kulaumiwa.

Ikapita miezi minne bila maumivu. Muuzaji aliporudi mnadani na kusikia hivyo, akampandisha mdogo wangu juu ya meza, akampa kipaza sauti. “Waambie watu!”

Mbele yangu mama mmoja, aliyebeba mgongoni mtoto mwenye macho ya njano, alikwisha kufungua pindo la khanga atoe pesa. Kama mdogo wangu angesema nusu ya ukweli, yule mtoto angeachishwa vidonge siku hiyohiyo.

“Nimepata nafuu,” akasema. “Nameza hizi. Na za hospitali pia, kila siku.”

Muuzaji akampokonya. “Mtoto huyu, hajui anachosema!”

“Si umemwita mwenyewe?” mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

Yule mama akanigeukia. “Sasa ni ipi iliyomponya?”

“Hajapona. Wala sijui ni ipi. Wewe kaulize hospitali kwanza, wala usimwachishe vyao.”

Akafunga pindo, akaondoka. Sisi muuzaji hakutuuzia tena.

Mvua zilipoanza maumivu yakarudi. Mdogo wangu alilala amekunja magoti, jasho linamtoka.

“Dada, lile kopo lingekuwepo, ningeumwa?”

Nikamwambia sijui. Akageukia ukutani, nami nikabaki nimekaa pale hadi alipokubali kunywa maji.