Baba Alipovuta Fundo la Wakuja

Watu wa Kibati walituita wakuja, na hawakukosea. Tulikuwa tumekuja kweli, tena mikono mitupu. Moto wa mlima wa volkeno ulikuwa umekula nyumba yetu mjini Goma pamoja na duka la vitenge la baba, tukapanda barabara ya kaskazini mpaka kwa mteja wake wa zamani, mkulima aliyetupa chumba alichokuwa akiwekea maharagwe. Tulilala juu ya magunia. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, mchumba wa mtu, na nywele zangu zilinuka vumbi la maharagwe mchana na usiku.

Uchumba huo ndio uliomkosesha baba raha. Wakwe zangu walikuwa watu wa asili ya Maniema kama sisi, wafanyabiashara wenye nyumba Himbi, upande wa ziwa, ambako moto haukufika. Wakatuma habari kwamba Jumapili wangepanda kuja “kuangalia hali.” Kuangalia hali! Mama alielewa papo hapo, nami pia. Walitaka kuona kama bado tunafaa kuoana nao. Baba akaapa wallahi, watu hao hawatakula maharagwe kwake. Yeye alipokwenda kumposa mama, alipewa nyama ya msituni, na wakwe wa binti yake wangepewa hiyohiyo.

Nyama itoke wapi? Hapo ndipo ikaja habari ya windo. Maharagwe yakishavunwa, wanaume wa Kibati waliwinda mbawala kwenye vichaka vilivyo kati ya mashamba, nje kabisa ya mpaka wa hifadhi ya wanyama. Wenyeji walikwenda kwa haki yao. Wakuja, kwa kuwa tulijaa kila nyumba, tuliwekewa nafasi mbili tu, na zilipatikana kwa kura. Bunduki ilikuwa marufuku, maana waasi waliotawala wakati ule wakisikia mlio walijibu kwa milio yao. Kwa hiyo ni nyavu, mikuki, na mbwa wenye njuga shingoni.

Kura yenyewe ilikuwa sufuria iliyofunikwa kitenge. Ndani mlikuwa na nyuzi za mgomba, mbili kati yake zimefungwa fundo. Unaingiza mkono, unavuta, basi. Mwanamume mmoja wa Masisi, aliyekimbia vita na ambaye kwao alikuwa mwindaji, alivuta uzi mtupu akautupa chini. Baba akafuata. Fundo! Akalibusu mbele za watu. Yule wa Masisi akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, kanzu, miwani, viatu vya mjini, akasonya. Nilikasirika, lakini kusema kweli hata mimi niliona aibu kidogo. Baba yangu na windo, wapi na wapi?

Mkuu wa wawindaji akatangaza masharti. Mwenye fundo anapewa kipande chake cha wavu. Mnyama akinaswa hapo, yeye ndiye wa kummaliza, na miguu ya nyuma pamoja na mbavu ni zake. Lakini mkuja akimwachia mnyama, windo lijalo hakuna kura, wakuja wote watabaki nyumbani. Tukaitikia sote kwamba tumesikia.

Siku ya windo, sisi wanawake na vijana tulipanda kutoka chini tukipiga vichaka kwa fimbo na kupayuka. Baba alikuwa amesimama juu, kwenye wavu wake, ndani ya mabuti ya kuazima yaliyomzidi, kanzu ameichomeka kwenye suruali. Nilimwombea. Wallahi nilimwombea kuliko nilivyowahi kuombea mtihani wowote. Na Mungu akasikia, maana mbawala dume alitoka mbele yetu, akapita mikuki yote ya wenyeji, akaenda kujitupa kwenye wavu wa baba.

“Kata, papa! Kata!” wakapiga kelele. Wanaume wawili walikuwa wamemlalia mnyama pamoja na wavu wake.

Baba alikuwa na kisu kizuri, tena kazi aliijua; kila Idi alichinja mbuzi uani kwetu. Akapiga goti. Kisha akasema, “Ngojeni kwanza. Mgeuzeni huku.” Akaonyesha mlima. Mjini kwetu, ukitaka kuelekea kibla, ulitazama upande wa mlima, ukapinda kulia kidogo, umemaliza. Miaka yote baba alikuwa akielekea hivyo bila kufikiri. Lakini Kibati mlima haukai mbele yako, umekaa ubavuni. Ndani ya chumba chetu mwenyeji wetu, naye Mwislamu, alikuwa ametuonyesha pa kutandika mkeka wa kuswalia, ila pale kichakani, katika ukungu, bila jua, baba alipotea. Nilimwona anapotea.

“Hapana, si huku,” akasema. Wakamgeuza tena. “Wala huku.”

“Muzee, unatafuta nini?”

“Kibla.”

“Iyo ni nini? Kata, muzee!”

“Ngojeni, nimesema!”

Ili kumgeuza mara nyingine, mmoja akalegeza wavu miguuni. Mbawala akarusha teke moja, akajipinda kiuno, akatoka. Mbwa walimfuata, tukasikiliza njuga zao zikififia mpaka kukawa kimya.

Mtu akacheka, kisha wote wakacheka, ila wakuja. Yule wa Masisi alikuwa kati yetu sisi wapiga vichaka, fimbo mkononi. Hakusonya safari hii. Alisema tu, “Basi, kura imekwisha,” akaanza kuteremka. Watu husema wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Kwetu ardhi hupasuka kweli, lakini siyo siku unayoiomba. Baba aliendelea kupiga goti palepale, kisu mkononi, na hakuna aliyemsaidia kuinuka. Hata mimi sikwenda.

Jumapili wakwe wakaja, wakala maharagwe. Mama aliyaunga kwa mawese na vitunguu, lakini maharagwe ni maharagwe. Mimi nilikaa nyuma ya pazia la chumba, nikisikia vijiko. Kumbe baba alikuwa ameamua kuwasimulia mwenyewe kabla hawajaambiwa na mtu barabarani. Akaigiza yote, mabuti, wavu, “mgeuzeni huku, mgeuzeni kule.” Wakacheka mpaka baba mkwe akawa anajifuta machozi.

“Lakini muzee,” akasema baba mkwe, “bismillahi ilitosha! Kumgeuza ni sunna tu. Ungekata hivyohivyo, ingekuwa halali!”

Kicheko kikakatika upande wa baba. Akasema, “Najua,” akacheka tena, peke yake. Mpaka leo sijui kama alijua. Baba mkwe akaomba aongezewe maharagwe, akasema harusi iko palepale, na sisi tusihangaike na chochote. Wali, mbuzi, nguo, hata mkeka wa kukalia, wao wangeleta vyote.

Mama alipiga kigelegele. Wageni walipokwisha kuteremka, baba akafunua pazia, akasimama mlangoni bila kuingia. Tangu siku ya windo hakuwa ameniangalia usoni. Sasa akaniangalia.

“Wamekuchukua kwa huruma, mwanangu,” akasema. “Unisamehe.”

Mama akamkemea, ati aache maneno ya mkosi siku ya heri. Lakini alikuwa amekwisha kusema, nami nilikuwa nimekwisha kusikia.

Sasa nimeolewa miaka mingi. Mume wangu ni mtu mwema, sina la kumsema. Nikiumwa, analala chini ili nipate kitanda chote. Tukigombana, yeye ndiye wa kwanza kuleta chai. Mwanamke mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Mimi kila mara humuuliza, “Unanihurumia, siyo?” Naye hucheka, akidhani ninatania.