Jiwe Nililolisugua Ukweni

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wangu wa kwanza wa ndoa, hapa Kidete, enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimetoka kambi ya mkonge upande wa Kilosa, na kambini kutu ilikuwa aibu. Kisu cha mkata mkonge kikishika kutu, mwenyewe huitwa mvivu. Basi, mwanangu, nikaingia ukweni na mikono ya kusugua, na kiherehere changu sikukiacha kwetu.

Baba mkwe alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli. Pale mlima ulipochongwa treni ipite, aliokota vijiwe vya kahawia vyenye pande sita, mfano wa dadu, akavipanga dirishani. Mimi nikadhani ni vyuma vilivyooza. Nikachukua mchanga, majivu na nyuzi za mkonge, nikalisugua lile kubwa hadi pembe zake zikaisha. Nilitaka anisifu, sikufichi.

Aliporudi nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Alilishika jiwe, akakaa. Mwanangu, shikamoo isiyoitikiwa ni nzito kuliko kofi. Nikajua leo narudishwa kwetu.

"Marahaba," akasema hatimaye, kwa upole ulioniumiza zaidi. "Hili zamani lilikuwa jiwe jingine, liking'aa kama shaba. Maji yakalila kidogo kidogo, miaka mingi mno, na kutu ikajaa mahali pake. Lile la kwanza halimo tena. Kilichobaki chake ni umbo tu."

Na umbo ndilo nililolimaliza.

"Nisamehe, baba. Nilidhani ni uchafu."

"Ungeniuliza. Mimi nilikuwepo."

Hakunirudisha. Jumapili akanichukua kandokando ya reli, yeye mbele na fimbo yake, akinifundisha kutazama. Tulikwenda Jumapili nyingi, na hadi leo nazitamani. Vijiwe tulivipata, ila chenye pembe kali kama zile hatukukipata mpaka tukamzika. Majuto ni mjukuu.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukiingia nyumba ya watu, usiharakishe kusafisha. Kuuliza si ujinga. Kile unachokiona kimeoza kwa mzee huenda ndicho pekee alichobaki nacho, na ukishakiondoa huwezi kumrudishia tena. Mungu akujalie mikono ya kazi na ulimi wa kuuliza, na siku zote ulimi utangulie.