Mtoa Kupe wa Guimbal

Jumatatu ya kwanza Consorcia, muuza samaki wakavu, alimpelekea mtoa kupe wa mji wa Guimbal mbwa wake, aliyempaka oili chafu ya gari kutoka masikioni hadi mkiani ili kuua kupe. Mtoa kupe akafoka: "Mama, umeniletea mbwa au injini?" Akamfunua mbwa ufizi, akauona mweupe kama wali kwa kukosa damu. Akaanza na katikati ya vidole, kama afanyavyo siku zote: kibano kigusane na ngozi, avute polepole bila kupinda, kupe atumbukie kwenye chupa ya mafuta ya taa.

"Toa wakubwa tu, unipunguzie bei," Consorcia akasema. " Wadogo wataanguka wenyewe."

"Na wewe ukiumwa jino, nikung'olee nusu?"

Kila Jumatatu waligombana hivyo, na kila Jumatatu mbwa alirudi amejaa kupe, amekonda zaidi. Jumatatu ya nne mtoa kupe hakushika kibano. Alimfuata Consorcia nyumbani, akachemsha maji kwenye jiko lake, akakunja mkeka wa kulalia bila ruhusa, akayamwaga kwenye nyufa za sakafu ya mianzi. Kupe wakamiminika kutoka nyufani kama mtama.

"Unalala nao! Mbwa ni gari lao tu!" akafoka.

Consorcia alimtukana mpaka majirani wakatoka. Mbwa alipona. Mtoa kupe akapoteza mteja wa kila Jumatatu, na Consorcia bado anamnunia, maana aliyekuumbua kwa yaliyo chini ya mkeka wako hasameheki.