Siku Tatu za Faini

Mume wangu alitozwa mbuzi mmoja, vitenge viwili na siku tatu za hoteli. Mbuzi na vitenge ni mambo ya kawaida katika ukoo wetu: mkwe akikosa analipa, watu wanakula, maneno yanakwisha. Hoteli ilikuwa ubunifu wa mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye sote tunamwita noko. Noko anapenda kuamua mambo, na zaidi ya hapo anapenda aonekane ameamua.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mama yangu alipofariki, mume wangu alikuwa Yanonge, safari ya boti mtoni, akinunua mchele. Tulimpigia simu alfajiri ileile, akasema anakuja. Tukazika kesho yake bila yeye. Kwetu, mkwe wa kiume ndiye anayeshika jeneza upande wa kichwa. Siku ile upande wa kichwa ulishikwa na jirani, fundi wa baiskeli, mtu mwema ambaye mama aligombana naye kila wiki kuhusu maji machafu aliyomwaga mbele ya mlango wetu. Mume wangu alifika siku ya tatu, akasema moteri ya boti ilikufa njiani. Noko akamuuliza kwa nini hakupanda pikipiki. Akasema barabara ilikuwa tope tupu. Watu walimpa kiti, lakini hakuna aliyempa chai.

Matanga yalipokwisha sikurudi kwake, mtaa wa Mangobo. Nilibaki mtaa wa Kabondo kwa papa, yaani baba yangu, katika chumba nilicholala nikiwa msichana. Mashangazi walisema nina hasira, na waliniheshimu kwa ajili ya hasira hiyo. Laiti ingekuwa hasira. Mimi nilikuwa na ganzi, ile inayokushika mguu ukiukalia vibaya, ila yangu ilinishika mwili mzima. Sikulia makaburini. Nilishona nguo za wateja, nikazipiga pasi, nikazikunja. Watoto wetu wawili, ambao ni wakubwa na wanaishi mbali, walinipigia simu kila Jumapili, nikawaambia niko vizuri. Zikapita wiki tano.

Hapo ndipo noko alipoita kikao. Lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hakuna kisa. Mwanamke aliyerudi kwao hali chakula kutoka mkononi mwa mume wake. Siku akikila, amesamehe, na hawezi kugeuka tena. Kwa kawaida mume huja na samaki, humpika mwenyewe uani huku mashangazi wakimcheka anavyounguza vidole, halafu humpelekea mke wake sahani. Akiipokea na kula, vigelegele. Akiisukuma, mume anarudi kwake na sufuria yake, na baada ya hapo familia zinaanza kuzungumza habari za kurudisha mahari.

Noko hakutaka mambo ya uani. Alikuwa amepita mbele ya hoteli moja mpya kando ya mto, akasoma tangazo: unalipa mara moja, kula na kulala vyote vimo.

"Hapa iko masikio mingi," akasema. "Bon. Muende kule hoteli ya mayi, ni tout compris. Mutakula, mutalala, mutaangalia mayi. Siku ya ine murudi hapa, tutauliza bibi swali moja tu: alikula ao hakula."

Mume wangu aliinamisha kichwa, akasema merci. Mimi sikusema kitu, na ikahesabiwa kwamba nimekubali.

Mwenye hoteli ile, nadhani, alikuwa ametazama telenovela nyingi kuliko inavyofaa. Ukuta mzima ulichorwa milima ya Mexico na ile mimea yenye miiba isiyo na majani. Mchanga mweupe ulikuwa umeletwa kwa malori ukamwagwa juu ya udongo wetu mwekundu, na kila mvua iliponyesha udongo ulichungulia tena. Mtu wa baa alivaa kofia ya majani pana kiasi kwamba alipita mlangoni kwa ubavu. Tulifungwa bangili za plastiki za rangi ya machungwa, kila mmoja mkono wa kushoto, ili tutambulike kwamba chakula na vinywaji vyetu vimeshalipiwa. Msichana wa mapokezi akatuuliza kama tumekuja fungate. Mume wangu akasema ndiyo, kwa haraka. Mimi nikasema ni faini. Msichana akacheka kwa adabu.

Sasa, kuna jambo moja ambalo noko, na akili zake zote, hakulifikiria. Pale hotelini hakuna mtu anayempa mtu chakula. Kuna meza ndefu, kuna sahani mwishoni, kila mmoja anajipakulia. Noko alikuwa ametupeleka kufanya jambo la mkono kwa mkono mahali ambapo hakuna mkono.

Siku ya kwanza, mchana, mume wangu alichukua sahani mbili, akazijaza kwa uangalifu mkubwa, kuku upande huu, ndizi upande ule. Alipogeuka nilikuwa nimeshakaa na sahani yangu. Jioni alijaribu tena, nami nikamtangulia tena. Siwezi kusema nilifanya kwa ubaya. Labda ubaya kidogo. Nilikula vijiko vitatu vinne, nikaacha. Watu wa meza ya jirani, wachumba walioshikana mikono hata wakila supu, walimwonea huruma yule bwana mwenye sahani mbili.

Mengine yote yalikuwa mapumziko, kama tangazo lilivyosema. Tulilala kwenye viti virefu chini ya miavuli ya majani. Tuliletewa juisi ya nanasi yenye kipande cha nanasi kimechomekwa pembeni. Mto ulipita mbele yetu, mpana, na magugu yake. Boti zilizopakia watu na magunia zilikuwa zikiteremka kuelekea Yanonge, na kila moja ilipopita mume wangu aligeuza uso akaitazama ile milima ya ukutani. Niliona, lakini sikuuliza. Kuuliza kunahitaji nguvu fulani, na mimi sikuwa nayo. Usiku tulilala kitanda kimoja, kikubwa mno, kila mmoja ukingoni kwake. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hatukuwa na neno la kuambiana isipokuwa feni iongezwe au ipunguzwe.

Siku ya tatu, baada ya saa sita, nilisinzia kwenye kile kiti. Nilipoamka, juu ya kigoda pembeni yangu kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Nikafunua: samaki wa liboke, bado ndani ya majani yake, na lituma, ndizi zilizopondwa vizuri. Mbele yangu mhudumu alikuwa akipita na sinia, akiacha vitu kwenye vigoda vya watu. Nikajua ni mhudumu huyo aliyeiweka. Nikala. Nilikula bila kufikiri, mpaka miiba ikabaki mitupu na majani yakawa safi.

Ndipo mume wangu akatokea nyuma ya ukuta, simu mkononi, macho mekundu.

"Umekula," akasema. "Aksanti, mama ya batoto. Aksanti sana. Nimeshapigia noko."

Nikaitazama sahani. Mkono wangu ulikuwa bado na mafuta. Nilielewa kila kitu mara moja: kwamba alikuwa amechuchumaa nyuma ya milima ya Mexico akinitazama natafuna, kwamba Kabondo walikuwa wameshaambiwa, na kwamba mbuzi alikuwa akichinjwa. Nilipaswa kukasirika. Nilitafuta hasira kama unavyotafuta ufunguo katika mkoba, nikakosa. Nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikanawa mikono.

Tulirudi Kabondo kesho yake jioni. Sebule ilijaa. Mashangazi walikuwa wamevaa vile vitenge vya faini, wamekaa mbelembele, tayari kwa vigelegele. Papa alikuwa kwenye kiti chake pembeni, mahali alipokaa tangu siku ya mazishi bila kusema neno la maana na mtu yeyote. Harufu ya nyama ilitoka jikoni.

Noko akakohoa. "Bon. Tuko na swali moja tu. Binti, ulikula ao haukula?"

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme nimekula. Mume wangu akasimama.

"Noko, munisamehe. Alikula, lakini hakujua. Alikuwa analala. Mimi mwenyewe njo niliweka sahani, nikajificha. Alifikiri ni ya serveur, ule wa sinia."

Mashangazi wakatazamana. Noko akaanza kusema donc, yaani basi, akaishia hapo. Mume wangu hakukaa. Mikono yake ilikuwa imeshika ncha ya shati.

"Na ingine. Moteri haikukufa. Nilifika ku port siku ile ya kuzika, asubuhi. Mutu mumoja akaniambia maiti imetoka sasa hivi mu nyumba. Ningekimbia, ningefika. Lakini nilikuwa mikono mitupu, bila shuka ya kufunika mama mukwe, na nguo ya matope. Nikasikia haya. Nikaikala juu ya mifuko yangu ya muchele. Kisha nikarudia Yanonge na boti ileile."

Papa akainua kichwa, akamtazama mkwe wake.

"Ulikuwa ku port," papa akasema.

"Ndiyo, papa."

Hapo hasira ikanijia. Ilianzia miguuni, nadhani, ikapanda mpaka kifuani. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya magunia, mwendo wa dakika ishirini, wakati fundi wa baiskeli akimbeba mama yangu. Nilitaka kuvua kiatu nimpige nacho mbele ya watu wote. Nilikuwa nimepata joto, nasikia kila kitu: harufu ya nyama, kitambaa cha kiti kinavyokwaruza, shangazi mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mahari irudi. Kwa wiki tano sikuwa nimesikia chochote. Nilimchukia mume wangu na nilikuwa karibu kumshukuru kwa kunichukiza.

Na kitu kingine nilikiona, ingawa sikukitaka. Alikuwa ameshashinda. Ningesema nimekula, vigelegele vingepigwa, nasi tungeondoka. Hakuna mtu aliyemlazimisha kusimama. Siku ile bandarini aliwakimbia watu hawa hawa, na sasa alikuwa amesimama katikati yao, hana pa kukaa.

Noko aligeukia papa, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi kikao kimevunjika.

"Hakijavunjika," nikasema. "Aende jikoni aniletee chakula."

"Unasema nini?" noko akauliza.

"Noko, ulitaka kujua nakula ao sikuli. Alete. Nitakula macho wazi."

Mume wangu akaenda jikoni. Hakuna shangazi aliyenyanyuka kumwonyesha sahani ziko wapi. Tulimsikia akifungua sufuria, akidondosha kifuniko, akiomba radhi peke yake. Alirudi na wali uliomwagika nusu njiani na kipande cha shingo ya mbuzi, sehemu ambayo hakuna mtu humpa mtu anayemwomba msamaha. Akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea. Nikala yote, polepole, nikimtazama usoni kila tonge, naye hakugeuza macho pembeni. Ilichukua muda. Vigelegele vilipokuja vilikuwa vya wasiwasi, shangazi mmoja akianza na wengine wakisubiri kuona kama inaruhusiwa.

Tulirudi Mangobo na toleka mbili, zile baiskeli za kukodi, yeye baiskeli ya mbele na mizigo, mimi nyuma yake. Nyumba ilikuwa na harufu ya kufungwa. Katika kona kulikuwa na yale magunia ya mchele, hakuuza hata moja. Niliweka mkoba wangu mezani, nikawasha taa. Yeye alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Umenisamehe kweli?" akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Ingia, ufunge mulango. Mbu banaingia."